Kati ya Kigingi na Katapila: Mwongozo wa Kuikagua Ardhi ya Maniema kabla ya Barabara na Daraja

Siku mhandisi apitapo na darubini yake ya miguu mitatu, na nyuma yake vijana wakipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, watu wengi wa Kindu hudhani kwamba kazi ya barabara imekwisha anza. Lakini wewe usomaye mwongozo huu, uwe mkuu wa mtaa, mwalimu, kapita wa vibarua au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu, yakupasa ujue kwamba kazi bado, na kwamba siku zilizo baina ya kigingi cha kwanza na katapila la kwanza ni siku zisizorudi. Katika siku hizo ardhi ingali imelala kama ilivyoachwa na waliokaa juu yake, tabaka juu ya tabaka, na mtu mwenye subira aweza kuisoma. Katapila likisha kupita mara moja tabaka zimechanganyika, na hapana mwanachuoni wa Lubumbashi wala wa Tervuren huko Ubelgiji atakayeweza kuzipanga tena zilivyokuwa.

Sababu ya kuihimiza kazi hii hapa kwetu ni kwamba habari za Maniema zilizo katika vitabu ziliandikwa aghalabu na wapita njia au na wenye nguvu. David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, Cameron akaja 1874, Stanley 1876. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili chake. Na maofisa wa Dola Huru ya Kongo wakaandika juu ya vita walivyopigana na Waarabu na Waungwana, wafuasi wao wa Kiafrika, kuanzia 1892. Maandishi hayo yana faida, wala sidharau hata moja. Lakini yule mwanamke aliyeketi sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, siku risasi zilipomiminwa juu ya umati wa wauza samaki na wauza vyungu, hakuna aliyemwuliza chungu chake kilifinyangwa wapi, wala nyumba yake ilisimama upande gani wa mto, wala babu zake waliyeyusha chuma kwa tanuri la namna gani. Habari hizo hazimo katika sahifa yoyote. Zimo katika vigae, majivu, mashimo ya nguzo na mavi ya chuma, aghalabu futi moja au mbili chini ya nyasi, yaani katika kina kile kile ambacho greda hukikwangua siku ya kwanza ya kazi.

Basi anza na majina, kwa maana majina hayagharimu kitu na hutangulia kila chombo cha kupimia. Kiswahili chetu kina maneno ya mahali palipohamwa: mahame, ganjo, tongo; na popote usikiapo neno la namna hiyo, au mwenzake katika Kilega, Kikusu, Kibangubangu au Kisongola, simama uulize nani alihama, na lini, na kwa nini. Kasongo ya kale, iliyokuwa makao ya Tippu Tip na baadaye ya mwanawe Sefu, ilitwaliwa na jeshi la Dhanis, ofisa wa Dola Huru, tarehe 22 Aprili 1893. Mji ukahamishwa, na pale pa zamani watu wakapaita Tongoni, jina lile lile waliloyaita watu wa pwani magofu yaliyo kusini ya Tanga. Wanaakiolojia waliopachunguza Kasongo-Tongoni katika miaka yetu hii, ambao habari za kazi yao zilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Antiquity, walikwenda mahali ambapo lugha ilikuwa imekwisha kupawekea alama muda mrefu kabla yao.

Ukimwendea mzee, nenda kama mgeni aendavyo: “Jambo, Mzee, nimekuja kuketi nawe,” na uketi kweli, kabla ya kufungua daftari. Swali lililo bora kuliko yote katika Maniema si “Je, kuna vitu vya kale hapa?” kwa kuwa jibu lake ni hapana au ni hekaya, swali ni “Kijiji chenu kilikuwa wapi kabla ya barabara?” Serikali ya Wabelgiji iliwahamisha watu wengi kutoka misituni na vilimani ikawapanga kando ya njia za magari, ili kodi na kazi zipatikane kwa wepesi, kwa hiyo vijiji vilivyopo leo barabarani aghalabu ni vipya, na mahame yao yako nyuma, kando ya vijito na juu ya migongo ya vilima, pale pale mhandisi wa leo anapotaka kunyoosha kona mbaya. Waulize na akina mama, ambao jembe lao hugonga vigae kila msimu wasivione kuwa ni habari. Waulize Wagenya, wavuvi wa mto, juu ya mabandari ya mitumbwi. Waulize wachimbaji wa dhahabu na kasiteriti, maana hapana watu waujuao udongo wa jimbo hili tabaka kwa tabaka kuliko wao, na mara nyingine hutoa shimoni shoka la jiwe wakalitupa. Ama mahali pa siri, kama pale wazee wa bwami, chama cha Walega, wanapokutana, usiulize kilichomo. Uliza mpaka tu: ni wapi mguu wa mgeni usipite? Mpaka huo uandike, uupeleke kwa mhandisi, na yaliyo ndani uyaache kwa wenyewe.

Baada ya wazee, tazama miti. Miembe mikubwa iliyozeeka, isiyo na nyumba karibu, haikujiotea. Waungwana waliipanda walikokaa, kama ilivyopandwa katika njia ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji. Michikichi iliyosongamana mahali pamoja katikati ya msitu kadhalika ni dalili ya watu. Vichuguu vitazame kwa makini, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo wa chini na pamoja nao vipande vidogo vya vigae na mkaa. Na mti mkubwa ulioanguka na kung’oa mizizi yake umekuchimbia shimo la bure. Usilipite shimo la matofali, la choo au la kisima bila kuinama kando yake.

Wakati wa kutembea njia ni kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na hasa baada ya mashamba kuchomwa, jicho linapoweza kuuona udongo. Na kama unaweza kurudi tena baada ya mvua za kwanza za Septemba, rudi, maana mvua huosha juu ya ardhi na kuviacha vigae vikichungulia. Watu wanne wakiachana mita 15 wanatosha kuufunika ukanda wa mita 60, nao waende sambamba, polepole, wakiitana, mmoja akishika daftari na simu yenye kuonyesha mahali kwa setilaiti. Andika kila kilichoonekana, upachike bendera ndogo mahali pake, na uandike pia kipande ambacho hakikuonekana kitu kwa sababu ya majani marefu. Kwani asomaye ripoti akikuta kimya atadhani pale hapana kitu, ilhali ukweli ni kwamba pale hapakuonekana. Watu wengi husema kwamba katika nchi ya msitu kazi hii haiwezekani. La hasha. Bomba la mafuta lililojengwa kutoka Komé nchini Chad hadi Kribi katika pwani ya Kamerun, urefu wa kilomita 1,070, lilipita katika misitu mizito kama ya kwetu, na wanaakiolojia wakaenda mbele ya mashine na nyuma ya mtaro, wakaandika mahali pa kale kwa mamia. Na katika barabara ya Bertoua kwenda Garoua Boulaï, katika nchi hiyo hiyo ya Kamerun, kazi ya namna hiyo ilifanyika kabla ya mwaka 2001.

Mkononi mwako vitu vya kale vitafika vikiwa vibaya vya sura, nawe usividharau. Kigae cha mdomo wa chungu, au chenye michoro, hueleza zaidi kuliko vigae kumi vya ubavuni, kwa maana kila kizazi cha wafinyanzi kina namna yake ya kupinda mdomo na kuchora shingo. Mavi ya chuma ni mazito, meusi, yenye vitundu kama uji uliochemka ukaganda. Ukiyaona pamoja na vipande vya mrija wa udongo ulioungua, ule ulioingiza pumzi ya mvukuto ndani ya tanuri, ujue umesimama penye karakana ya wahunzi. Ushanga wa kioo ulitoka ng’ambo ya bahari na kupita mikono mingi hadi kufika Lualaba. Vipande vya jiwe jeupe la kwatzi vyenye kingo kali vyaweza kuwa ni vya zama ambazo hapakuwa na chuma kabisa. Wala usitupe kipande cha sahani ya Ulaya au chupa nene ya kijani, kwa kuwa Kindu yenyewe ilikuzwa na reli na meli, na watu waliobeba mataruma ya reli ile walikuwa na mafiga yao na vikombe vyao kama watu wengine wote. Kitu chochote usikiokote kabla ya kukipiga picha mahali kilipolala, na rula kando yake. Kitu kilichookotwa bila kuandikwa mahali pake kimepoteza nusu ya ushahidi wake.

Kuchimba ni jambo jingine, nalo lina sheria. Wakoloni walitoa dikri ya kulinda mahali pa kale na kazi za sanaa tarehe 16 Agosti 1939. Na jamhuri yetu ikatoa Amri-Sheria nambari 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya hifadhi ya mali za utamaduni, ambayo yataka uchimbaji wa akiolojia uwe kwa idhini, na yataka mtu aliyekuta kitu cha kale kwa bahati akitangaze kwa wenye mamlaka. Fauka ya hayo, Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira imeifanya tathmini ya athari kuwa sharti la miradi mikubwa, na Wakala wa Mazingira wa Kongo ndio uichunguzao tathmini hiyo. Benki ya Dunia, ambayo fedha zake zimo katika barabara nyingi za nchi hii, ilikuwa na kanuni yake ya urithi tangu 2006, na tangu Oktoba 2018 kanuni hiyo ni Kiwango cha Nane katika masharti yake ya mazingira na jamii. Kwa hiyo ukialikwa katika mkutano wa wananchi juu ya barabara, usirudi nyumbani kabla ya kuuliza swali hili mbele ya watu: “Katika tathmini hii, ukurasa wa urithi wa kale ni upi, na nani aliitembea njia yenyewe?” Mara nyingi utaonyeshwa sentensi mbili zisemazo kwamba hapana kitu, zilizoandikwa na mtu ambaye hakuvuka mto kwenda Alunguli, ng’ambo ya Kindu. Swali lako likiingia katika kumbukumbu za mkutano, ni vigumu kulipita.

Wachimbaji wenye idhini, watokao katika Taasisi ya Makumbusho ya Taifa au katika vyuo vikuu, watakuja na namna yao, nawe yafaa uijue ili uwasaidie. Watachimba mashimo madogo ya majaribio, aghalabu ya nusu mita kwa nusu mita, kwa kuachana kwa vipimo vilivyo sawa. Watashuka sentimita 10 kwa 10, na udongo wa kila hatua utapitishwa katika chekeche la matundu madogo. Watashuka hata wafike udongo usio na kazi ya mtu. Mkaa wataufungia katika karatasi ya bati pasipo kuugusa kwa vidole, kwa kuwa huo ndio utakaopimwa kwa kaboni 14 kujua umri. Vibandiko vitaandikwa kwa kalamu ya risasi, maana wino katika unyevu wa Maniema hauishi juma moja. Hapa kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui na wewe walijua: katika jimbo la dhahabu, mtu achimbaye shimo na kuchekecha udongo anatafuta dhahabu, na hapana hotuba itakayowaondolea watu dhana hiyo. Dawa yake ni kuchekecha hadharani. Waite watoto wa shule, waite mkuu wa kijiji na majirani, chekeche litikiswe mbele ya macho yao, vigae vimwagwe juu ya mkeka vipite mkono kwa mkono. Na jioni shimo lifukiwe mbele ya mashahidi wale wale. Niliwahi kuona mahali ambapo wataalamu walichimba wamejificha nyuma ya turubai, kwa heshima ya kazi yao kama walivyodhani, na usiku ule ule vijana wakaja na mabeleshi wakaligeuza eneo lote juu chini. Hasira yangu haikuwa kwa vijana.

Sasa nije kwenye daraja, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Simama ukingoni Kindu utazame mitumbwi na kivuko vinavyokwenda na kurudi Alunguli, kisha ujiulize mhandisi atakayeambiwa ajenge daraja juu ya Lualaba, au juu ya kijito chochote kiuingiacho, atatafuta nini. Atatafuta mahali mto unapobanwa, kingo zilizo juu na imara, mwamba wa kukalia nguzo, na njia kavu ya kufikia maji wakati wa masika. Mvuvi wa miaka elfu iliyopita alitafuta nini? Aliyatafuta hayo hayo, kwa sababu hizo hizo: mtumbwi wake utue pasipo matope, nyumba yake isichukuliwe na mafuriko, wavu wake ukae mahali maji yanapopita kwa nguvu, na watu wa ng’ambo waweze kuja sokoni. Kwa hiyo daraja si kama barabara, ambayo yaweza kupita katika nchi tupu. Daraja, kwa asili yake, huangukia mahali pa watu. Mwenye kukagua njia ya barabara aweza kutumaini kutokuta kitu. Mwenye kukagua vichwa vya daraja na aanze kwa kudhani kwamba kitu kipo, hata aonyeshwe kwamba hakipo.

Waama mto huu umekwisha kutoa ushahidi wake. Juu yake, katika nchi ya maziwa ya Upemba, huko Sanga kando ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea katika 1974 na 1975. Wakakuta watu waliozikwa zaidi ya miaka elfu iliyopita pamoja na vyungu vyao vizuri, shaba yao na chuma chao, mafundi hodari ambao hakuna kitabu kilichowataja. Maji yaliyopita mbele ya Sanga ndiyo yapitayo mbele ya Kindu. Kipande chetu cha mto hakijachimbwa kwa kadiri hiyo, na kila kichwa cha daraja kitakachochimbwa pasipo kukaguliwa ni Sanga iwezayo kupotea kabla ya kupata jina.

Namna ya kukagua ukingo ni hii. Panda mtumbwi wakati maji yamepungua, uambae karibu na kingo zilizokatwa na mto, maana pale maji yamekwisha chimba; utaona mstari mweusi wa majivu, au tabaka la vigae likining’inia, au shimo la takataka lililokatwa kati kama mkate. Kagua pande zote mbili, juu na chini ya mto, wala usiishie kwenye ukubwa wa nguzo, kwa kuwa vibarua wataweka saruji, kokoto na kambi yao mbali zaidi ya hapo. Tazama miamba iliyo karibu na maji kama ina mifereji ya kunolea. Na kwa kuwa mafuriko huleta tope na kufunika, mashimo ya majaribio ya ukingoni yapasa kuwa ya kina kirefu kuliko ya mlimani. Palipo na mita moja ya tope safi, chini yake paweza kuwa na kijiji kizima. Madaraja madogo ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Daraja la magogo linapobadilishwa kuwa la chuma juu ya kijito kisichojulikana, hakuna awazaye urithi, ilhali pale ndipo watu walipochota maji tangu zama zisizohesabika.

Kitu kingine kinachosahauliwa ni machimbo ya kifusi. Barabara yenyewe hukwangua kidogo; lakini kifusi chekundu cha kuijenga hutolewa kando, katika vilima, shimo moja likimeza eneo kubwa kwa kina cha mita kadhaa, na mahali pa kulichimba aghalabu huchaguliwa na kapita kwa jicho, baada ya tathmini kukwisha na wataalamu kurudi kwao. Hivyo hivyo kambi, njia za mchepuko na maegesho ya mashine. Sharti uliandike katika daftari la masharti ya kandarasi: hapana shimo la kifusi litakalofunguliwa kabla ya kutembewa.

Palipoonekana kitu, usidhani kwamba barabara imekufa. Mimi naitaka barabara, na yeyote aliyewahi kumsafirisha mgonjwa kutoka Kasongo katika matope anaitaka kuliko mimi. Mara nyingi inatosha kusogeza mstari mita 30, na katika siku za vigingi kusogeza ni kung’oa na kupigilia tena. Pasipowezekana kusogeza, njia yaweza kuinuliwa juu ya kifusi safi kilichotandazwa juu ya mahali pale bila kukwangua, na yaliyo chini yakalala salama, ijapokuwa hatutayaona. Kuchimba na kuokoa kabla ya ujenzi liwe shauri la mwisho, kwa kuwa uchimbaji nao ni uharibifu, ingawa ni uharibifu wenye kumbukumbu, na wataka fedha, muda na mahali pa kuweka vilivyopatikana.

Makaburi yana adabu yake. Kaburi lenye jamaa wanaojulikana si akiolojia. Ni jambo la familia, na hapana wa kuliamua ila wao. Makaburi ya Waislamu wa zamani, yasiyo na jiwe wala jina, huweza kutambulikana kwa mlalo: maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekea kibla, ambayo kwa Kindu ni kaskazini ikiinamia mashariki, kwa hiyo kaburi hulala takriban magharibi kwa mashariki, ukiona miinuko midogo iliyojipanga hivyo, mwite imamu kabla ya kumwita mtaalamu. Na kwa kuwa nchi yetu imeona vita, mwaka 1964 na tena kuanzia 1996, mifupa iliyo karibu na uso wa ardhi, yenye vifungo vya nguo au raba, yaweza kuwa ya watu ambao mama zao wangali hai. Mifupa hiyo isiguswe. Iarifiwe serikali na mahakama. Ukikuta chuma kilichofanana na bomu au kombora, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, weka alama kwa mbali, uwazuie watoto.

Lakini ukaguzi ulio bora hauoni yote, na ndiyo maana yapasa kuwe na utaratibu wa mambo yatokeayo kwa ghafula, ulioandikwa katika kandarasi na kusomwa kwa Kiswahili mbele ya vibarua siku ya kwanza. Mashine isimame, mahali pazungushiwe kamba, kazi isogee mbele, isikae bure, kapita apige simu kwa mkuu wa komini au msimamizi wa teritwari, naye awaarifu watu wa utamaduni, kitu kisitolewe hata mtaalamu afike. Maneno haya utayakuta katika kila mkataba mzuri, na aghalabu hayafuatwi, kwa sababu moja ambayo waandishi wa mikataba hawaitaji: dereva ajuaye kwamba saa ya kusimama itakatwa katika mshahara wake hataona kitu, hata chungu kizima kikipasuka mbele ya macho yake. Basi dai liandikwe kwamba siku iliyosimamishwa kwa ajili ya urithi italipwa kama siku ya kazi. Sentensi hiyo moja itaokoa vitu vingi kuliko semina kumi.

Vilivyopatikana vikienda Kinshasa au Lubumbashi kwa hifadhi, na vipate huko hifadhi njema. Lakini nakala ya daftari, ya ramani na ya picha ibaki Kindu, moja katika komini na moja katika shule au chuo, mahali panapojulikana nani ameshika ufunguo. Barabara itakuja kupanuliwa siku moja, na atakayeipanua atauliza palipo na bendera zile palikuwa na nini.

Asubuhi ya katapila kufika, uwe umekwisha amka. Mwendee dereva kabla hajawasha mashine, umsalimu kwa jina lake, upite naye kwa miguu kigingi kwa kigingi hadi penye bendera. Umwambie mahali pale panaitwaje, na nani alikaa pale, kama ulivyoambiwa na wazee. Kisha simama kando ya bendera hiyo hata apite.